Manowari Mabegani

Ukisimama kwenye daraja la Momba pale Kamsamba, Songwe ikiwa nyuma yako na Rukwa mbele yako, maji yanayopita chini yametoka mbali. Huko juu, ng'ambo ya mpaka, mto huu hauitwi Momba, unaitwa Saisi. Unaanzia kwenye nyanda za Zambia upande wa Mbala, mji ambao Waingereza waliuita Abercorn, unaingia Tanzania, unashuka ukuta wa bonde la Rukwa, na unawafikia Wawanda, wenyeji wa bonde hilo, ukiwa umebeba tope linalostawisha mpunga. Julai 1915 watu waliuana kando ya maji hayo hayo. Jenerali Kurt Wahle wa Ujerumani aliizingira ngome ya Waingereza iliyokuwa ukingoni mwa Saisi kwa zaidi ya wiki moja. Ndani ya ngome, chini ya Meja O'Sullevan, walikuwamo askari wapatao 450, wa Rhodesia ya Kaskazini pamoja na wa Kongo ya Wabelgiji. Mto walikuwa wanauona. Kuufikia mchana ndiko kulikoshindikana, na kuteka maji kukawa kazi ya usiku.

Wahle aliondoka bila kuiteka ngome. Lakini swali linalonisumbua kila nikisoma habari za Saisi si nani alishinda. Ni vipi jenerali aliyekuwa na kazi Tabora na reli ya kati alifikisha jeshi, mizinga na posho kwenye kona hii ya dunia, mbali na reli, mbali na bahari, mahali ambapo hata leo mvua za masika zikikaza barabara hukatika. Jibu lake ni ziwa. Majeshi ya Wajerumani upande huu yalilishwa kupitia Bismarckburg, bandari tunayoiita Kasanga, na aliyeshika maji ya Tanganyika ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Ndiyo maana vita vya nyanda hizi, zilizo mamia ya kilomita kutoka pwani, viliamuliwa na mabaharia. Na mabaharia hao sehemu kubwa ya kazi yao waliifanya nchi kavu.

Wengi wanaolijua simulizi hili wanamjua kamanda mmoja tu. Mimi namtaka zaidi luteni aliyekuwa chini yake, A. E. Wainwright, afisa aliyepewa usafirishaji. Ila kumfikia yeye lazima tupite kwa wengine, tena kwanza tupite kwenye hesabu ya tumbo.

Mpagazi wa vita ile alibeba mzigo wa ratili 60 hivi, yaani kama kilo 27. Kwenye nyanda za Rhodesia na Nyasa walimwita mtengatenga. Posho yake ilikuwa karibu kilo moja ya unga kwa siku. Reli ya Waingereza ilipita Broken Hill, Kabwe ya leo, na kutoka pale hadi Abercorn ni zaidi ya kilomita 800. Tuseme anatembea kilomita 25 kila siku bila kuugua na bila mto kumzuia. Atafika siku ya thelathini na mbili, akiwa amekula kilo 32 za unga. Mzigo wake ulikuwa kilo 27. Kwa maneno mengine, mtu aliyetumwa kupeleka unga Abercorn, kama angekula anachokibeba, angeumaliza mzigo wote njiani na angefika mikono mitupu, na safari ya kurudi bado. Kwa hiyo alikula cha vijiji alivyopita. Ghala la mwanakijiji ndilo lililobeba vita, na njaa iliyofuata katika miaka ya mwisho ya vita ilianzia kwenye hesabu hii. Hakuna jenerali aliyeweza kuibatilisha. Kilichoweza kuipunguza makali ni chombo chochote kisichokula unga: reli, au meli.

Wajerumani walikuwa navyo vyote viwili. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Ingechelewa msimu mmoja wa mvua, sura hii isingeandikwa. Agosti, manowari za Uingereza zilipojitokeza nje ya Dar es Salaam, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya kupimia bahari, Möwe. Nahodha wake, Gustav Zimmer, akawa ofisa wa majini asiye na meli. Akawachukua mabaharia wake, wakapanda treni, wakaenda kupigana vita vya maji kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini.

Kule Kigoma Zimmer alikuwa na stima ndogo mbili, Hedwig von Wissmann na Kingani. Kwa stima ndogo hizo Wajerumani walilifagia ziwa. Agosti 1914 waliishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji kule Lukuga, Novemba wakaziharibu stima za Waingereza upande wa kusini, na baada ya hapo hakuna aliyebaki wa kuwazuia. Hedwig yenyewe ilikuwa imeletwa mwishoni mwa karne ya 19 ikiwa vipande, kupitia Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa, kisha ikavushwa nyanda hizi za kati ya maziwa mawili kwa nguvu za wapagazi. Kwa hiyo watu wa mpakani, wa Tunduma ya leo na kandokando yake, walikuwa wameshazoea kuona meli inapita kijijini ikiwa imegawanywa kwenye mabega.

Lakini kazi kubwa ya Zimmer ilikuwa masandukuni. Kiwanda cha Meyer kule Papenburg kilikuwa kimeunda meli iitwayo Graf von Götzen, kikaifumua, kikaipakia kwenye masanduku 5,000, na kuisafirisha kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliiunganisha upya ribiti kwa ribiti huku vita vimeshaanza. Iliteremshwa majini 5 Februari 1915 na mwezi Juni ikaanza safari. Iliweza kuchukua askari kati ya 800 na 900 kwa mkupuo mmoja. Fikiria maana yake kwa afisa wa posho. Mwendo ambao kwa miguu kando ya ziwa ungewamaliza wapagazi kwa majuma kadhaa, Götzen iliumaliza kwa siku chache, na haikudai debe la unga. Juu yake ulifungwa mzinga wa sentimita 10.5 kutoka Königsberg, manowari iliyoishia kwenye delta ya Rufiji. Mzinga wa baharini ukapakiwa kwenye treni, ukaenda kuishi ziwani.

Upande wa pili, mwindaji wa tembo aitwaye John Lee ndiye aliyeleta habari London. Aprili 1915 alimweleza Admirali Henry Jackson kwamba meli kubwa inaundwa Kigoma, na kwamba zipo njia za kupeleka boti za kasi kutoka Cape Town: reli hadi Katanga, kisha milima, kisha mto, kisha reli tena. Wazo hilo lilikubaliwa kwa siku chache. Kumpata kamanda wa kulitekeleza ndiko kulikokuwa kugumu, maana maofisa wazuri walikuwa baharini.

Akapatikana Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshi la majini akiwa na miaka 14. Kazi yake ya kueleweka zaidi ilikuwa kupima mto Gambia, miaka kadhaa ya kuchora vina na mikondo kwa subira. Vita vilipoanza alipewa usimamizi wa boti ndogo, na Novemba 1914 meli iliyokuwa chini yake, Niger, ilizamishwa kwa topido karibu na Deal yeye akiwa nchi kavu. Walimweka ofisini. Alikuwa mtu wa majivuno, wa hadithi ndefu juu ya ushujaa wake, na baadaye ziwani alivaa sketi aliyodai imemfaa kwa joto. Waandishi wa Ulaya wamecheka sana juu ya sketi hiyo. Kwangu lililo kubwa ni kwamba mpimaji wa mto, mtu aliyezoea kuhesabu maji machache, ndiye aliyehitajika.

Boti zake mbili zilikuwa za Thornycroft, urefu kama mita 12 kila moja, zenye injini za petroli na mzinga mdogo mbele. Alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, zikaitwa Mimi na Toutou. Msomaji wa Kiswahili lazima atabasamu: boti ya vita ya Mfalme wa Uingereza ikavuka Afrika ikijiita Mimi. Kikosi kilikuwa cha watu 28 hivi. Waliondoka London Juni 15, wakafika Cape Town mwanzoni mwa Julai, wakapanda treni kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti reli ikaishia Fungurume, Katanga.

Ndipo anapoingia Wainwright. Alikuwa mtu wa Rhodesia, si baharia wa kulelewa kwenye vyuo vya jeshi. Alikuwa amekulia kazi za ng'ombe na mashine. Mbele yake kulikuwa na kilomita zipatazo 235 za pori na milima ya Mitumba hadi kituo kidogo cha reli cha Sankisia. Barabara haikuwapo. Ilikatwa na vibarua wa Katanga kwa shoka na majembe, na madaraja zaidi ya 100 yakajengwa kwa magogo. Boti ziliwekwa juu ya magari ya magurudumu, zikakokotwa na injini mbili za mvuke, zile za kulimia mashamba makubwa. Injini zilikuwa nzito kuliko madaraja. Zilivunja moja baada ya jingine, zikazama kwenye udongo, zikatolewa, zikavunja tena.

Halafu zilikuwa na kiu. Injini ya mvuke hunywa maji kama msafara wa ngamia, na ilikuwa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya jirani walikusanywa kuleta maji kwa vibuyu na mitungi kutoka mbali. Nasoma mstari huo mmoja, ambao vitabu vingi huupita kwa haraka, na ninasimama hapo muda mrefu. Manowari za Uingereza zilitembea kwa maji ya kichwani mwa wanawake ambao jina la hata mmoja wao halikuandikwa.

Kwenye mwinuko mkali injini zilishindwa kabisa. Ng'ombe nao, wakifungwa mbele na kuelekezwa juu, waliteleza. Hapo ndipo ilipoonekana akili ya mtu aliyekaa na ng'ombe. Kamba ndefu ilipitishwa kwenye kapi lililofungwa kwenye mti mnene kileleni, ncha moja ikafungwa kwenye boti, ncha nyingine ikashushwa kwa ng'ombe. Ng'ombe wakaswagwa kuteremka, na kadiri wao walivyoshuka, boti ikapanda. Hakuna amri kutoka London iliyoeleza hilo. Kwa mbinu hiyo, hatua kwa hatua, Mimi na Toutou zilipanda Mitumba hadi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kushuka upande wa pili kulikuwa na hatari zaidi, maana mzigo unaoshuka haumsubiri mtu. Ulizuiwa kwa kamba hizo hizo na kwa mikono ya watu.

Mwisho wa Septemba walikuwa Sankisia. Treni fupi ikawafikisha Bukama, kwenye mto Lualaba, na mto ulikuwa umekauka kiasi kwamba boti za kasi zilikwama kwenye mchanga. Wakafunga mapipa matupu chini yake ili ziinuke, wakazisukuma na kuzipiga makasia kwa msaada wa wavuvi wa mto. Kutoka Kabalo wakapanda reli ya Wabelgiji, na mwishoni mwa Oktoba 1915 wakaliona ziwa pale Lukuga, Kalemie ya sasa. Miezi minne, kilomita kama 16,000 kutoka London. John Lee, mwenye wazo, hakuwapo. Alikuwa ametangulia kuitafuta na kuisafisha njia, kisha akaondolewa kwenye kikosi kwa tuhuma kabla boti hazijafika. Ni jambo linaloniuma.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi mno ukilinganisha na safari. Boti ziliteremshwa majini kabla tu ya Krismasi. Desemba 26 stima Kingani ilisogea kuchungulia bandari. Katika dakika 11 nahodha wake alikuwa amekufa na stima imetekwa. Ikaitwa Fifi. Februari 9, 1916, ikaja Hedwig kumtafuta mwenzake aliyepotea. Fifi ilikuwa polepole na makombora yake machache yalikuwa yanaisha bila kupata shabaha. Aliyeikimbiza Hedwig kwa boti ndogo Mimi, akairushia risasi kwa mbali na kuilazimisha igeuke-geuke hadi Fifi ikaifikia, alikuwa Wainwright, yule yule wa ng'ombe na kapi. Hedwig ikazama.

Götzen ilipojitokeza, Spicer-Simson hakuigusa. Wengi wamemlaumu. Mimi sina hakika kama alikosea kukiacha kile chombo chenye mzinga wa Königsberg. Boti zake zilikuwa za mbao. Lakini alilofanya Kasanga lilikuwa kosa la kweli, na ni kosa la afisa ugavi. Juni 1916 alipewa kazi ya kuizuia ngome ya Bismarckburg upande wa maji, wakati Luteni Kanali Murray akija kwa nchi kavu kutoka mpakani. Spicer-Simson aliona mizinga juu ya ngome akasubiri mbali. Usiku Wajerumani wakapanda mitumbwi wakaondoka zao. Murray alipoingia tarehe 8 alikuta mizinga ile ni magogo ya mbao. Kikosi kizima pamoja na bunduki zake kiliponyoka kwa vyombo vya wavuvi wa Kasanga, njia ile ile ya maji iliyokuwa imewalisha. Muda mfupi baadaye Spicer-Simson aliugua akarudishwa kwao. Alipewa nishani ya DSO. Baada ya vita alirudia alichokijua, upimaji wa bahari, akawa katibu wa ofisi ya kimataifa ya hidrografia kule Monaco, na akafia Kanada mwaka 1947.

Zimmer naye alibaki na meli kubwa iliyovuliwa meno. Mzinga wa Götzen ulihamishiwa nchi kavu, ukawekwa wa bandia. Julai 26, 1916, Wabelgiji wakiikaribia Kigoma, meli ilizamishwa karibu na mdomo wa Malagarasi. Mafundi walioiunganisha waliipaka injini grisi nzito kwanza, wakijua kwamba siku moja mtu ataihitaji. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba abiria, dagaa na mahindi hadi Kasanga.

Ziwa lilipopotea, Wajerumani wa kusini hawakuwa na ghala nyuma yao tena. Jenerali Northey wa Uingereza alikuwa ameshavuka mpaka Mei 1916 na kuichukua Neu-Langenburg, yaani Tukuyu. Kuanzia hapo vita vilikuwa vya miguu na matumbo tu, pande zote mbili, na kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Jina la jeshi lao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo, na watu hununua nyanya pale bila kukumbuka.

Mwishoni mwa Septemba 1918 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alirudi kutoka Msumbiji na mabaki ya jeshi lake. Njiani Wahle aliachwa Ubena, mgonjwa. Wakapita Mbozi, na tarehe 1 na 2 Novemba wakaishambulia Fife, ng'ambo tu ya Tunduma. Leo kwenye barabara ile malori yanapanga foleni na shaba ya Katanga, baadhi yake ikitoka Fungurume, yakienda Dar es Salaam kwa siku chache. Madereva hulala chini ya mapipa ya dizeli pale ambapo wapagazi walikuwa wanalala chini ya mizigo.

Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, silaha ziliwekwa chini Abercorn: Wazungu 155, askari 1,168, na wapagazi wao. Hesabu ya Wazungu na askari ilitunzwa vizuri. Homa ya mafua ilikuwa imeshafika, na waliosimama pale wakiwa wazima wengi wao walikuwa wanatoka mbali, na walipaswa kurudi kwa miguu yao wenyewe, safari hii bila mzigo na bila posho. Mtu wa bonde la Rukwa hakuhitaji ramani. Mashariki ya mji upo mto Saisi, na mtu akiufuata maji yanakokwenda, akashuka nao ule ukuta wa bonde, anafika Kamsamba.